Nyumba ya kiongozi: jambo la Hispania linatugusa na sisi

Kiongozi anayesema kwa jina la masikini, ana haki ya kununua nyumba kubwa? Swali hilo lilitikisa Podemos, chama cha mrengo wa kushoto cha Hispania, mwaka 2018.

Podemos ilizaliwa mwaka 2014, wakati vijana wengi wa kule hawakuwa na kazi na familia zilikuwa zinafukuzwa ndani ya nyumba juu ya madeni ya benki. Wabunge wake waliahidi kutochukua zaidi ya mishahara mitatu ya chini. Mkubwa wa chama, Pablo Iglesias, mwaka 2012 alikuwa amemshambulia waziri wa uchumi kwa kununua nyumba ya euro 600.000. Kumbe Mei 2018, yeye na mwenzake Irene Montero, naye mbunge wa chama, wakanunua nyumba yenye pisini huko Galapagar, karibu na Madrid. Bei? Zaidi ya euro 600.000.

Haikuwa wizi, walikopa benki. Lakini meya wa Cádiz, mtu wa chama hichohicho, akasema yeye hataki kuhama kartiye ya wafanyakazi. Hapo mjadala ukapita nyumba: chama kiishi kama watu wake, ao kama wale kilichokuwa kinawapinga?

Wawili hao wakaacha wanachama waamue. Watu zaidi ya 188.000 walipiga kura. 68 kwa mia walisema wabaki; karibu mmoja kwa watatu akasema waende.

Na huku kwetu? Kifungu cha 99 cha Katiba kinalazimisha raisi na mawaziri kutangaza kwa maandishi mali ya familia yao mbele ya Korti ya Katiba, wakiingia kazini na wakitoka: nyumba, mashamba, konti za benki, hata migodi. Asiyefanya hivyo ndani ya siku 30 anahesabiwa amejiuzulu.

Ni vizuri, ila kuna matundu mawili. Korti inapeleka karatasi hizo kwa ofisi ya kodi. Kifungu hakisemi raia waonyeshwe. Tena, wabunge hakiwataji.

Kwa hiyo, mgombea akifika kwenye kartiye yako akisema yeye ni mtoto wa masikini, usimuulize tu atatujengea nini. Umuulize ana nini leo, na kama atakubali tuhesabu tena siku ya kutoka.