Wanafunzi wa uhandisi wapelekwe Mukululu

Mjenzi wa mradi mkubwa wa maji wa Igembe na Tigania, Meru, hakusomea uhandisi chuoni. Ni Bruda Giuseppe Argese, mmisionari wa Consolata kutoka Martina Franca, Italia, aliyefika Kenya mwaka 1957. Alianza na kazi za ujenzi, na mambo ya maji akayajulia kazini. Wameru walimpa jina la Mukiri, yaani mtu wa kimya.

Mimi ni mwashi wa Siakago, Mbeere, kazi yangu ni kujenga matangi. Vijana wenye diploma ninaofanya nao kazi hesabu wanazijua vizuri, lakini sijakutana na hata mmoja aliyepelekwa kuona kazi ya Mukiri. Hilo linaniuma.

Kazi hiyo ilianzia Tuuru katika miaka ya 1960. Padri Franco Soldati alikuwa na makao ya watoto walemavu pale, na maji machafu yaliwaletea homa ya matumbo. Akamwomba Bruda awatafutie maji safi. Milima ya Nyambene ni ya volkeno, mvua ikinyesha inazama ardhini, huku chini watu wanabaki na kiu. Mukiri akapanda hadi msitu wa Mukululu. Kule ukungu hunasa kwenye majani na kudondoka mchana na usiku. Akayakusanya matone hayo pamoja na maji yanayochuruzika msituni, akayahifadhi kwenye mabwawa, kisha akayateremsha kwa mabomba. Mradi ukaja kuhudumia watu wapatao 250,000.

Asiyeshika mwiko atadhani kuteremsha maji ni kuyafungulia tu. Kila mita 10 za mteremko huongeza presha ya takriban bar 1. Shusha mita 100 bila tangi la kuvunja nguvu katikati, na usiku watu wote wakishafunga mifereji, bomba la bondeni linaweza kupasuka. Anayejenga lazima aujue mlima hatua kwa hatua: wapi pana mwamba, wapi udongo hutitia, wapi ng'ombe watakanyaga bomba. Hayo Mukiri aliyapata kwa kuishi palepale miaka mingi.

Sisemi kila fundi aitwe mhandisi. Tumezika watu wengi mno chini ya ghorofa zilizoporomoka, na anayejenga kwenda juu lazima awe na mhandisi aliyesajiliwa. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa aina hii haujaandikwa vya kutosha, nao unazeeka pamoja na mafundi waliochimba mitaro na kuunga mabomba chini ya Mukiri. Na msitu wenyewe ni sehemu ya mradi. Ukikata miti, ukungu unapita na mabwawa yanakauka, hata simiti iwe nzuri namna gani.

Kwetu Mbeere tunauona Mlima Kenya kila asubuhi kukiwa shwari, na bado punda wanabeba mitungi. Tunawahitaji vijana wanaojua kusoma mteremko.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, Tigania. Naomba wakuu wake, pamoja na vyuo vya ufundi vya Meru na Embu, wawapeleke wanafunzi Mukululu muhula ujao, na wawalipe wale mafundi wazee wawafundishe.