Koseti ya harusi isishonwe kwa haraka

Mhariri,

Mafundi wetu wa Buruburu, Umoja na Kayole wana ustadi wa kushona koseti za harusi, lakini haraka inawaharibia kazi. Koseti ikibana, bi harusi hapumui. Ikilegea, inateremka mbele ya wageni. Fundi apime kifua, chini ya matiti, kiuno na urefu wa kiwiliwili, kisha ashone ya majaribio kwa amerikani kabla ya kukata satini iliyonunuliwa Eastleigh. Mteja aivae, aketi, ainue mikono, acheze. Mgongoni kamba ni bora kuliko zipu, maana mwili ukipungua au kuongezeka, hukazwa au kulegezwa. Nasi wateja tupeleke kazi mapema na kulipa malipo ya awali bila kuvutana.

Msomaji,
Umoja, Nairobi