Picha za Theluji Zimeonekana, Fomu Iko Wapi?

Kuna dada mmoja wa chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, jina kapuni, ambaye pale chuoni kila mwenye simu anamjua. Ni yule wa video za mitumba, anayeokota gauni la shilingi elfu tatu pale Karume na kulivaa mpaka watu wanauliza duka liko wapi. Oktoba mwaka juzi alipotea mtandaoni wiki nzima. Aliporudi, alirudi na picha ya uwanja wa ndege, begi kubwa na maneno manne tu: "Mungu ni mwema sana." Desemba zikaja za theluji. Koti refu, buti, mikono imekunjuliwa, na mji mdogo wa Ujerumani nyuma yake umekuwa mweupe pee.

Kwenye komenti hapakukalika. Wa kwanza: hongera mrembo. Wa pili: dada, umeendaje huko? Wa tatu: tupia linki basi na wengine wajaribu. Kuanzia wa nne mpaka wa mia wakaanza yao. Danga la kizungu hilo. Kuna mwalimu kambeba. Mtoto wa kigogo huyo, hamjui tu. Dada mwenyewe akawa anajibu kwa kopa nyekundu. Waliouliza vizuri walipata kopa, waliotukana walipata kopa. Aliyepata jibu hakuna hata mmoja.

Wengi waliona ni kiki za kawaida za mjini, mtu anaringa, watu wanachamba, maisha yanaendelea. Lakini kuna kijana mmoja maisha yake hayakuendelea hivyo, na habari yake ndiyo inayofanya ukimya huu uwe jambo la kusemwa.

Kwanza ijulikane dada aliendaje, maana ukweli wake ni mwepesi kuliko uzushi wote ule. Hakuwa na danga wala kigogo. Alikwenda kama mwanafunzi wa kubadilishana, semista moja, kupitia mpango wa Umoja wa Ulaya unaoitwa Erasmus+. Mpango huo ulianza mwaka 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe kwa wenyewe, kisha baadaye mlango ukafunguliwa kwa vyuo vya nje ya Ulaya, vya Afrika vikiwemo. Chuo cha huku kinaingia makubaliano na chuo cha kule, nafasi zinatangazwa, mwanafunzi anaomba akiwa hapa hapa chuoni kwake. Akichaguliwa anakaa kule kuanzia miezi miwili hadi kumi na miwili, ada ya chuo cha kule halipi, na posho ya kujikimu ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea na nchi, pamoja na mchango wa nauli. Muda ukiisha anarudi kumalizia shahada yake. Hajahama chuo. Ni mwanafunzi wa Dar aliyeazimwa.

Soma tena hapo: anaomba chuoni kwake. Jina linatoka chuo kwenda chuo. Hakuna mtu wa Kariakoo, wa Sinza wala wa kwenye status anayeweza kumwingiza mtu kwenye orodha ile, hata apewe milioni kumi.

Hiyo sentensi moja, kama dada angeiandika chini ya picha mojawapo kati ya zile arobaini, ingeokoa shilingi 650,000 za mama mmoja wa Singida.

Kijana mwenyewe anasoma chuo hicho hicho, wakati huo akiwa mwaka wa pili. GPA yake 4.3, mtu wa maktaba, mtu wa chapati mbili na chai, bumu likiingia anamtumia mama kidogo. Januari aliona picha za theluji kwenye status ya jamaa asiyemjua vizuri, aliyeungwa naye kwenye kundi moja la WhatsApp la "fursa za masomo". Chini ya picha ya dada pameandikwa: "Mteja wetu kashafika Ujerumani, nafasi sita zimebaki." Kijana akamtambua dada mara moja, si anamwona kantini kila siku? Akajisemea, kumbe wanapitia huku.

Kishoka alimpokea vizuri, kwa lugha laini, "mdogo wangu" nyingi. Akataka 150,000 ya fomu. Wiki mbili baadaye 200,000 ya kushika nafasi. Mwisho 300,000 ya kile alichokiita ada ya ubalozi. Kijana hakukurupuka. Kabla ya kulipa ile ya mwanzo alimwandikia dada kwa adabu zote: "Shikamoo dada, samahani, huyu kaka ndiye aliyekusaidia?" Akarudishiwa kopa. Yeye akaipokea kama ndiyo.

Mama yake alikuwa na magunia ya alizeti aliyoyaweka akisubiri bei ipande. Akauza kabla bei haijapanda. Siku ya malipo ya tatu namba ya kishoka ikaita, kesho yake ikaita bila kupokelewa, keshokutwa ikawa haipatikani. Kilichouma zaidi kilikuja baadaye. Tangazo la kweli la nafasi za kubadilishana lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chao, ghorofa mbili juu ya maktaba anayoshinda. Fomu bure. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa. Hela ya tatu aliituma Alhamisi.

Alipomwandikia dada mara ya pili hakuanza na shikamoo. Dada, kwa mara ya kwanza, hakutuma kopa. Alituma sauti ya dakika kumi na moja, na sauti hiyo ikazunguka chuoni mpaka wasiohusika wakaisikia.

Ndani yake hamna theluji. Kuna binti aliyeomba mwaka wa kwanza akakataliwa, kwa sababu barua yake ya kueleza kwa nini anataka kwenda aliinakili mtandaoni na waliomsaili wakaijua. Mwaka uliofuata akaandika yake mwenyewe, mbovu mbovu lakini yake. Kuna kuhangaikia namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa ili apate paspoti, 150,000 hiyo. Kuna mkopo kwa mjomba, maana posho ya mwezi wa kwanza haikuingia mpaka alipofika na kufungua akaunti ya benki kule, na kati ya kufika na kuingiziwa zilipita wiki tano za mkate na mayai. Ile picha ya mikono imekunjuliwa ilipigwa wiki ya nne. Koti aliazimwa na Mkenya wa chumba cha pili.

Na kuna la masomo, ambalo hakuwahi kumwambia hata mama yake. Kabla ya kuondoka, mwanafunzi husaini makubaliano ya masomo: yeye, chuo chake na chuo anachokwenda, wakitaja kozi atakazosoma na jinsi zitakavyohesabiwa akirudi. Kule kozi hupimwa kwa krediti, 30 kwa semista nzima. Dada alipofika akakuta kozi mbili kati ya alizoandika zinafundishwa kwa Kijerumani. Akabadilisha, akasoma nyingine, akafaulu, lakini hakurudisha karatasi ya mabadiliko kusainiwa na mkuu wa idara huku Dar. Aliporudi kozi mbili zikagoma kuhesabika. Mwaka wa tatu akawa anazirudia pamoja na wadogo zake, huku watu wakimwita Dada wa Ulaya.

Kwa nini basi alinyamaza? Sababu aliitaja, na si ya kijinga. Kabla ya kusafiri aliwaambia marafiki watatu. Mmoja wao akaeneza kwamba kuna mwalimu anamlea. Mwenzake akamwomba hela "maana unaenda kwa wenye hela". Bibi yake naye tangu zamani alimfundisha kwamba safari haitangazwi, ikitangazwa inaharibika. Akaona heri kopa kuliko maneno.

Hapo kwa bibi kuna hoja, tena nzito. Kukaa kimya kabla ya visa kutoka ni busara, hakuna anayebisha. Watu wameharibiwa safari kwa mdomo wao wenyewe. Lakini busara hiyo ina mwisho wake, na mwisho wake ni ndege kutua. Mtu akishafika, akishapiga picha arobaini na kuzianika, safari imeshatangazwa. Kilichobaki kufichwa si safari tena, ni njia. Na njia ikifichwa na aliyeipita, atatokea mwingine kuiuza.

Wapo watakaosema dada si ofisi ya habari, hana deni na mtu, mwenye shida aende kwenye ubao asome. Ni kweli hakulazimika kusema chochote. Angeweza kwenda na kurudi bila picha hata moja, na asingedaiwa. Ila alichagua kusema nusu. Alionyesha kufika, akaficha kukataliwa, mkopo, mkate na mayai, na kozi zilizogoma. Nusu hiyo ndiyo inayomfanya mwenye GPA 4.3 aamini kwamba hayo mambo yana wenyewe. Mtu akiamini kwamba mlango wa mbele una wenyewe, atamlipa kishoka ampitishe dirishani. Laiti angejua kwamba hata dada mwenyewe aliwahi kukataliwa kwa barua mbovu, angepanda zile ghorofa mbili.

Waliochamba nao wasijitoe. Kila komenti ya "danga hilo" ilikuwa inamfundisha dada kwamba akifungua mdomo atachambwa zaidi. Halafu hao hao ndio wanaolalamika kwamba waliofanikiwa wana roho mbaya. Mtu hawezi kumtupia mwenzake mawe kisha amdai ramani. Cha ajabu, wengi wao wana sifa za kuomba nafasi ile ile. Muda wa kuandika matusi kwenye picha arobaini unatosha kabisa kuandika barua ya ukurasa mmoja.

Na vyuo vina sehemu yao. Karatasi moja kwenye ubao wa kioo, ghorofa ya juu, kwa siku kumi na nne, si tangazo. Ni siri iliyobandikwa. Vijana wanaishi kwenye simu, na vishoka wamelijua hilo zamani, ndiyo maana wao wanatangaza kila asubuhi, kwa picha za rangi.

Kwa anayetaka kweli, mambo si mengi. Aanze na ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake, aulize chuo kina makubaliano na nani na tangazo hutoka mwezi gani. Paspoti asisubiri kuchaguliwa ndipo aanze kuitafuta. Barua aandike mwenyewe, aeleze kozi gani kule inamfaa na kwa nini. Atafute akiba au mtu wa kumwazima hela ya mwezi wa kwanza. Akifika, asibadilishe kozi hata moja bila karatasi yenye saini zote tatu. Ada ya visa hulipwa kwenye ubalozi au kituo chake rasmi cha maombi, haipiti kwenye simu ya kaka yeyote. Na anayedai hela ya "kushika nafasi" ajibiwe kwa kopa, hapo ndipo mahali pake.

Dada baadaye alifanya jambo. Aliposti picha moja isiyo na koti wala theluji, imepigwa chumbani Mabibo, hana hata poda. Kashika ile barua yake iliyokataliwa, na chini kaandika njia nzima, hatua kwa hatua, mpaka zile kozi mbili. Ilipata laiki chache kuliko picha zote za mwaka ule. Lakini chini yake hakuna aliyeandika danga. Kuna maswali, na safari hii yana majibu.

Kijana wa Singida naye yumo kwenye komenti. Kauliza kama barua ikizidi ukurasa mmoja inakataliwa. Kajibiwa: isizidi. Tangazo jipya likitoka ataomba, bila kishoka. Zile 650,000 hazijarudi, taarifa iko polisi, na mama yake msimu ule alikosa ile bei aliyokuwa akiisubiri.

Wadau, aliyefika akanyamaza, waliobaki wakatukana, na ofisi iliyobandika karatasi juu gorofani: nani kamponza huyu kijana?