Lipa Deni la Dukani
Aya ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu deni. Ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inayoagiza watu wakikopeshana kwa muda maalumu waandikiane na waweke mashahidi. Wengi wetu tunaipita haraka. Tunamsifu mtu kwa kuwahi safu ya mbele na kwa kanzu yake ya Ijumaa, ilhali mwenye duka la mtaani anamjua kwa daftari: unga kilo mbili, mafuta ya kupima, sabuni, vyote vimechukuliwa tangu kabla ya Ramadhani, na mdaiwa siku hizi anapitia uchochoro wa nyuma. Mazishini utamsikia msemaji wa familia akitangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Tangazo hilo lina asili yake. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akawaambia masahaba wamswalie wao, hakumswalia mpaka mmoja wao, Abu Qatada, alipojitwika deni lile. Inaniuma kwamba tunasubiri mauti ndipo tuulize. Asiye na uwezo ana haki ya kupewa muda, na aya ya 280 ya sura hiyohiyo imelisema hilo wazi. Ninayemlaumu ni mwenye nazo anayenyamaza, huku mwenye duka akishindwa kuagiza mzigo mpya. Ndugu yangu, kabla ya Ijumaa ijayo pita dukani, ulizia ukurasa wako, lipa hata nusu, na umwombe radhi aliyekuvumilia.