Anapovuja damu, mpeleke hospitali kwanza

Jumapili ya leo naomba tuzungumze jambo ambalo makanisani tunalipita kwa mbali. Nalizungumza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulipita.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa usharika wetu alinipigia simu usiku. "Niombee mwanangu, tumbo linamsumbua," alisema. Nikaomba palepale kwenye simu, nikamtia moyo, nikalala. Sikuuliza tumbo linamsumbua vipi, wala tangu lini. Kumbe binti alikuwa amemeza vidonge vya kutoa mimba, na ilikuwa siku ya tatu anavuja damu nyingi. Mama yake alikuwa akifua khanga usiku na kuzianika chumbani ili majirani wasizione. Kesho yake binti alifikishwa hospitali hawezi kusimama, akaongezewa damu. Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini angekufa, maombi yangu ya dakika mbili yangekuwa sehemu ya kilichomchelewesha.

Tangu siku hiyo nasoma Marko sura ya 5 kwa macho mengine. Mwanamke yule alikuwa ametokwa damu kwa miaka 12 na mali yake yote imeishia kwa waganga. Kwa sheria ya Walawi alihesabiwa najisi, yeye na kitanda alicholalia. Ndiyo maana alikuja kwa nyuma, akijificha katikati ya umati. Na Yesu alikuwa na haraka: Yairo, mkuu wa sinagogi, alikuwa amemwomba awahi kwa binti yake aliye mahututi. Bado alisimama.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Damu ilikoma kwanza. Maneno yalikuja baadaye, pale mwanamke alipojitokeza akitetemeka na kueleza kila kitu. Hakuhojiwa amefanya nini hata akafikia hapo. Aliitwa binti, akaruhusiwa kwenda kwa amani.

Najua utaniuliza: je, unahalalisha utoaji mimba? Hapana. Kanisa linafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, na sheria ya nchi yetu inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa uhai wa mama. Siandiki kubadili hayo. Ninachosema ni kwamba huyu anayevuja damu naye ana uhai, na uhai wake haungoji tumalize kesi. Tena yupo dada ambaye mimba yake imeharibika yenyewe, aliyeitamani kwa machozi. Damu yake ni ileile, na kwa kuogopa macho yetu naye anajificha.

Basi tujue mambo haya, wazazi, viongozi wa jumuiya na wa vijana. Baada ya vidonge, ni kawaida tumbo kukaza na damu kutoka kwa wingi, hata na mabonge, kwa saa kadhaa za mwanzo. Kisha hupungua siku hadi siku. Matone yanaweza kuendelea kwa wiki moja au mbili, na wengine huyaona hadi hedhi inayofuata.

Lakini pedi kubwa mbili zikilowa kabisa ndani ya saa moja, na ikawa hivyo kwa saa mbili mfululizo, hiyo ni hatari. Kizunguzungu na kuzimia ni hatari. Homa ya nyuzi 38 au zaidi isiyoshuka kwa siku nzima, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, na maumivu ya tumbo yasiyotulizwa na dawa ni hatari pia. Na kama damu haikutoka kabisa huku upande mmoja wa tumbo ukiuma, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Vidonge haviiondoi, nayo inaweza kuua. Katika hali yoyote kati ya hizo usingoje kukuche. Usimpe mizizi, usimruhusu mtu amwingize kitu chochote ukeni. Tafuta bajaji, bodaboda, gari la jirani, mfike hospitali.

Mkifika, semeni ukweli wote, kama yule mwanamke wa Injili. Daktari akijua dawa iliyomezwa, kiasi na siku, atatibu haraka zaidi. Hospitali zetu zina huduma kwa ajili ya mama ambaye mimba yake imeharibika, na huduma hiyo haimchagui kwa sababu ya namna ilivyoharibika. Nanyi wauguzi Wakristo, maneno yenu mlangoni ndiyo yanayoamua kama yule wa kesho atakuja mapema au atakuja akibebwa.

Akirudi nyumbani, kazi haijaisha. Apumzike, asibebeshwe ndoo za maji. Asikutane na mwanamume hadi damu ikome, na ajue kwamba anaweza kushika mimba tena hata ndani ya wiki mbili, kabla hajaona hedhi. Ale maharage, dagaa, mchicha, matembele na maini yakipatikana ili damu irudi, na chai aiache mbali kidogo na chakula, maana hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma. Mwenzake mmoja akae naye, asikilize. Kuna atakayelia, kuna atakayenyamaza, kuna atakayeona nafuu. Mazungumzo ya toba, kama yapo, yana wakati wake, na mlango wake ni yeye mwenyewe kuufungua.

Yesu alipofika kwa Yairo na kumwinua yule msichana wa miaka 12, aliagiza jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: apewe chakula. Wote walikuwa wakistaajabia muujiza, yeye akakumbuka kwamba mtoto ana njaa.

Msomaji wangu, usiku mmoja simu yako nayo italia, na mtu atasema anaumwa tumbo. Omba, ndiyo. Lakini kabla ya kusema amina uliza: anatoka damu? Tangu lini? Nije na gari?