Mgonjwa wa Kifafa Aambiwe Ukweli

Kuna jambo ambalo madaktari wengi, hapa kwetu na hata ng'ambo, hulimeza wanapozungumza na mgonjwa wa kifafa. Jambo lenyewe ni kwamba maradhi haya yaweza kumwua mtu ghafla, bila kuzama majini wala kuungua motoni. Mara nyingi hutokea usiku, akiwa kitandani peke yake, na asubuhi hukutwa amelala kifudifudi.

Wanaonyamaza wana sababu zao. Foleni imefika langoni, na daktari anajiambia, "Nikimwambia mama huyu, hatalala tena." Ati anamhurumia! Mimi nasema hiyo si huruma.

Hebu tutazame hesabu. Mwaka wa 2017 vyama viwili vya madaktari huko Marekani vilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Kwa mwaka mmoja, hatari hii humpata mtoto 1 kati ya 4,500 wenye kifafa, na mtu mzima 1 kati ya 1,000. Yaani watu wazima 999 hawapatwi. Je, hayo ni maneno ya kumwua mama kwa hofu? Isitoshe, mwongozo huo unasema walio hatarini zaidi ni wale wanaoanguka na kutetemeka mwili mzima, hasa mara 3 au zaidi kwa mwaka. Kadiri mtu anavyokaa bila kuanguka, ndivyo hatari inavyopungua. Na kinachozuia kuanguka, kwa wengi, ni vile vidonge.

Hapo ndipo ninapokasirika. Dada yangu alianza kumeza vidonge akiwa darasa la sita. Kila alipokwenda kliniki aliambiwa, "Usikose dawa." Basi! Kwa nini asikose, hakuna aliyesema. Sasa dawa ile humfanya asinzie, na wiki ya mitihani ikifika aliiacha ili asome usiku. Si hata wewe ungeiacha? Alikuwa na miaka 16 alipokutana na daktari mwingine aliyemweleza yote kwa Kiswahili rahisi, mama akiwapo, kisha akapunguza kipimo cha asubuhi. Haikuchukua dakika kumi. Dada alilia njia nzima. Lakini kilichomliza, alituambia, si kifo. Ni kwamba miaka yote hiyo watu wazima walijua naye hakujua.

Tena daktari akinyamaza, wengine husema. Jirani atasema ni mapepo, mganga atadai mbuzi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa vizuri. Hilo nalo mgonjwa aambiwe siku hiyo hiyo, lisingojee.

Na bweni je? Wako wenzetu wanaoficha vidonge sandukuni wasichekwe. Mwenzako akianguka usiku, usimtie kijiko kinywani. Ondoa vitu vigumu karibu naye, akitulia mlaze ubavu, na zikipita dakika 5 kabla hajatulia, mkimbilie matroni. Usimwache peke yake hadi azinduke.

Mlezi wa chama, muhula ujao tukitafuta mgeni wa kutuhutubia, mbona asiwe daktari? Maswali tunayo.