Karatasi Kwanza, Ukuta Baadaye

Habari za sanaa ya Lowbrow, na za mwenzake surrealismu ya pop, huandikwa kwa daraja. Juu hukaa maonyesho: jumba gani limefungua milango, mchoraji gani ametundika turubai mpya, nani kanunua. Chini, kwa herufi ndogo, hubanwa yale yanayotolewa kuuzwa kwa watu wa kawaida: chapa zenye saini, vitabu, fulana, midoli ya plastiki. Safari hii jarida letu limepindua mpangilio huo, na wasomaji wanastahili kuelezwa kwa nini. Sanaa hii ilizaliwa kwenye karatasi iliyochapwa na kwenye bidhaa za dukani, ikalelewa huko, ikafika ukutani ikiwa tayari mtu mzima. Anayetaka kuipima kwa haki na aanze na kile kinachoingia majumbani mwa watu, na kwa bei gani.

Chimbuko lake ni gereji za kusini mwa California. Ed Roth, aliyeitwa Big Daddy, aliunda magari yasiyofanana na gari lolote, lakini aliyefikisha mkono wake kwa watoto wa Marekani nzima ni panya wake Rat Fink, mnene, macho yamemtoka, aliyechorwa kwenye fulana zilizouzwa katika maonyesho ya magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Revell ikauza magari ya Roth kama vifurushi vya plastiki vya kuunganisha mezani. Robert Williams aliajiriwa na Roth mwaka 1965 kumchorea matangazo, kisha akajiunga na wachoraji wa Zap, jarida la vibonzo lililoanzishwa na Robert Crumb mjini San Francisco mwaka 1968. Jina Lowbrow lenyewe lilienea kutokana na kitabu cha michoro ya Williams cha 1979. Kwa muda wote huo hapakuwa na jumba la sanaa la heshima lililomtaka. Ndipo Billy Shire alipofungua jumba la La Luz de Jesus mjini Los Angeles mwaka 1986, tena kama tawi la biashara yake ya duka. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya mji huo, MOCA, yalimtundika Williams katika maonyesho ya Helter Skelter mwaka 1992. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Laguna yakaonyesha kazi za Roth, mchoraji wa magari Von Dutch na Williams pamoja. Kufikia hapo Rat Fink alikuwa na miaka thelathini hivi mitaani. Hata jarida la Juxtapoz, ambalo Williams na wenzake walilianzisha mwaka 1994, lilikuwa karatasi nyingine ya kununuliwa kibandani, na ndilo lililowakutanisha wachoraji wa miji mbalimbali ambao hawakuwa na habari za wenzao.

Mkono wa wachoraji hawa una alama ya kazi ya kuchapa. Mark Ryden alisomea uchoraji wa vielelezo Pasadena, akaishi kwa kuchora majalada ya santuri, likiwemo la Dangerous la Michael Jackson la 1991, kabla ya maonyesho yake ya kwanza makubwa ya 1998 yaliyohusu nyama. Todd Schorr alitoka kwenye matangazo na majalada ya magazeti. Gary Baseman aliuchorea mchezo wa mezani uitwao Cranium. Mtu aliyelazimika kwa miaka mingi kuchora picha itakayoeleweka ikiwa na ukubwa wa kiganja, kwa wino wa mashine na macho ya mpita njia, hujifunza nidhamu ya pekee: umbo lisomeke mara moja, kisha liendelee kutoa siri kadiri mtazamaji anavyosogea. Ndiyo nidhamu ninayoiona katika wasichana wapole wa Ryden waliozungukwa na vipande vya nyama na nyuki. Shule za sanaa za zama zile, zilizokuwa zimelewa dhana na kudharau uhodari wa mkono, hazikuwa na cha kumfundisha hapo.

Wapo watakaosema kwamba chapa ni kivuli tu cha kazi halisi. Nakubaliana nao kwa kiasi. Fremu za Ryden, zilizochongwa kama za kanisani, hazimo kwenye chapa. Wala tabaka za rangi ya mafuta za Williams, zinazoipa picha mng'ao kama wa bodi ya gari jipya, haziwezi kupita kwenye mashine bila kupungua. Ndiyo maana hatujaacha kuandika juu ya maonyesho. Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba picha ya asili ndiyo lengo na nakala ni ukumbusho wake, na historia ya sanaa hii haikubali. Mchoro wa Williams wa 1978, Appetite for Destruction, haukupata umaarufu kwa kutazamwa ukutani. Uliupata mwaka 1987 ulipowekwa kwenye jalada la santuri ya bendi ya Guns N' Roses, ambayo imeuzwa zaidi ya nakala milioni 18 Marekani pekee. Na hapo ndipo ulipokataliwa pia: unaonyesha mwanamke aliyeshambuliwa, wenye maduka wakagoma kuuuza, ukahamishiwa kurasa za ndani. Sidhani waliogoma walikosea. Mengi katika Lowbrow ya mwanzo yaliwatumia wanawake kama chambo cha macho, na heshima ya makumbusho haifuti doa hilo. Kinachonishughulisha ni kwamba hukumu ilitolewa na umma kwa sababu picha ilikuwa mikononi mwa umma. Ingebaki chumbani kwa mkusanyaji, nani angeijadili?

Margaret Keane ni ushahidi wa upande mwingine. Watoto wake wenye macho makubwa, waliouzwa miaka ya 1960 kwa jina la mumewe Walter, walisambaa kwa mabango na kadi za bei nafuu hadi kwenye maduka ya kawaida kabisa. Mhakiki John Canaday wa New York Times alimshambulia vikali, na picha yake kubwa ikaondolewa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964. Mwaka 1986, mbele ya mahakama ya Honolulu, Margaret alichora picha kwa dakika 53 na kuthibitisha kwamba mkono ulikuwa wake; Walter alisingizia maumivu ya bega. Wachoraji wa surrealismu ya pop waliomchukua kama mama yao walimjua kupitia mabango yaleyale yaliyodharauliwa.

Tena tusiambiwe kwamba haya ni ya Wamarekani na hayatuhusu. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, aliyemsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire kwa Kiswahili na kwa picha zaidi ya mia moja katika miaka ya 1973 na 1974, aliishi kwa kurudia mada zilezile kwa ajili ya sebule za watu wa mjini. Edward Saidi Tingatinga na wanafunzi wake Dar es Salaam walirudia chui na ndege wao kwa rangi za kung'aa za dukani juu ya vipande vya hadibodi. Hawakuwa na mashine, basi mkono ukawa mashine. Wahakiki wengi waliona katika marudio hayo dalili ya udhaifu. Mimi naona njia ya picha kufika kwa wengi, ileile ya California, bila upande mmoja kumwiga mwenzake.

Kinachonitia wasiwasi leo ni kwamba njia hiyo inazibwa na wenye biashara wenyewe. Msanii KAWS, jirani wa karibu wa sanaa hii, alitoa mwanasesere wake wa kwanza nchini Japani mwaka 1999, vipande 500. Aprili 2019 turubai yake iliuzwa na Sotheby's Hong Kong kwa dola milioni 14.8, na turubai hiyo ni mwigo wa jalada la santuri! Miezi miwili baadaye watu walisukumana na kupigania fulana zake katika maduka ya Uniqlo nchini China, wengi wao wakinunua ili wazilangue. Uhaba wa kupangwa umegeuza bidhaa ya kila mtu kuwa hati ya kubahatisha bei.

Wachoraji hujibu kwamba chapa yenye nambari ndiyo inayowalisha, nami sina haki ya kuwabeza. Ila inawalisha mara moja. Faida ya mlanguzi haiwarudii: sheria ya California ya 1976, iliyompa mchoraji asilimia ya baadhi ya mauzo ya baadaye ya kazi za asili, ilipunguzwa makali na mahakama ya rufani ya shirikisho mwaka 2018 hadi ikabaki karibu jina tu. Ipo njia nyingine inayotumiwa na baadhi ya wachapishaji: kupokea oda kwa siku chache, kisha kuchapa idadi ileile iliyoagizwa. Mchoraji analipwa kwa kila nakala, na mlanguzi hapati pengo la kulijaza.

Kwa hiyo kila uhakiki wa maonyesho katika kurasa zinazofuata umeambatana na maelezo ya kile kilichotolewa pamoja nayo: idadi ya nakala, bei ya siku ya kwanza, aina ya karatasi, na kama oda zilipokelewa kwa wote au zilifungwa kwa idadi. Pale mchapishaji alipokataa kututajia idadi, tumeandika kwamba amekataa.